Huyu Mtoto ni wa Nani? Barua ya Wazi kwa Wanaotuma na Wanaopokea Wanafunzi wa Fildi

Kwenu Waziri mwenye dhamana ya elimu. Tume ya Vyuo Vikuu na NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi. Wakuu wa vyuo na waratibu wa mafunzo kwa vitendo. Makatibu wakuu, wakurugenzi na maafisa utumishi wa ofisi zinazotupokea, za makao makuu Dodoma na za hapa kwetu Mwanza.

Shikamooni.

Nawaandikia kutoka Igombe, wilayani Ilemela, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Mama yangu anaanika dagaa hatua chache kutoka kwenye benchi nililokalia, na upepo unaleta harufu yake hadi kwenye karatasi hii. Ninasoma shahada ya takwimu. Julai ya mwaka jana nilikwenda Dodoma kufanya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, ya wiki 8. Nataka niwaeleze siku zangu za mwanzo, kwa sababu katika siku 10 za kwanza hakuna mtu hata mmoja wa ofisi ile aliyeniuliza jina langu.

Ofisi sitaitaja. Nimezungumza na wenzangu waliofanya fildi katika ofisi nyingine, mikoa mingine, wengine hapa hapa Mwanza, na nimesikia habari ile ile ikibadilika vyumba tu. Nikiitaja moja, zilizobaki zitavuta pumzi na kusema hayawahusu.

Nianze na nyumbani, maana fildi huanzia nyumbani. Wavuvi wa dagaa hutegemea giza. Usiku usio na mwezi huwasha taa juu ya maji, dagaa wakaja kwenye mwanga, wakazungushiwa wavu. Mwezi ukishakuwa mpevu taa hazivuti kitu, mitumbwi inapumzika, na akina mama waanikaji nao wanakaa bila mzigo. Safari yangu iliangukia mwezi mpevu. Mama alikopa kwa mama mwenzake wa pale mwaloni, ufukweni inaposhusha mitumbwi, ili nipate nauli na kodi ya chumba. Mwenye nyumba kule Dodoma alitaka kodi ya miezi 3 ingawa mimi nilikuwa nakaa 2, shilingi 40,000 kwa mwezi, na mama akalipa yote 120,000 bila kunung'unika. Mimi sina mkopo wa elimu ya juu. Nilifungiwa kiroba cha michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, kopo la dagaa waliokaangwa na ndimu, na kanga mbili. Jambo hili nalitaja mapema ili mnaposoma kuhusu siku nilizokaa bila kazi, mjue kila siku ililipiwa na nani.

Basi liliondoka Nyegezi kabla hakujapambazuka. Usagara, Shinyanga, Tinde, Nzega, Igunga, Singida, Manyoni. Karibu kilomita 700. Pale Igunga nilimwona mama mmoja akikinga ndoo bombani, nikakumbuka kwamba maji yale yanavutwa kutoka ziwani kwetu, kule Ihelele, Misungwi. Nilifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu njiani. Shuleni tulifundishwa kuwa uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, na kwamba sababu mojawapo ni kuwa pale ni katikati ya nchi, ili mtu wa Mtwara, wa Kigoma na wa Mwanza wote wapafikie. Serikali ilianza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016. Mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Mimi nilikuwa mtoto wa shule wakati huo, na niliposhuka stendi ya Nanenane usiku, kwenye ile baridi kavu ya Julai inayopasua midomo, niliona fahari kweli. Nilikuwa nimefika mahali ambapo takwimu za nchi nzima hukutana. Asubuhi bibi mwenye nyumba alinisalimia "Mbukwenyi", nami nikamjibu kwa "Mwangaluka" ya Kisukuma, tukashikana mikono tukacheka. Yeye aliniuliza jina.

Jumatatu saa moja na robo nilikuwa getini. Nilikuwa na bahasha ya kaki yenye barua ya utambulisho ya chuo, nakala ya barua ya kukubaliwa iliyotoka ofisi hiyo hiyo, picha mbili ndogo na logibuku isiyo na doa, lile daftari la kuandikia kazi za fildi za kila siku. Mlinzi akaandika namba ya kitambulisho changu kwenye daftari lake. Mapokezi wakaniambia afisa anayehusika na wanafunzi yuko safari ya kikazi, nisubiri pale kwenye benchi. Hadi saa nane mchana tulikuwa sita kwenye benchi lile, kutoka vyuo tofauti. Tukaambiwa turudi Jumatano. Jumatano barua zetu hazikuonekana. Dada mmoja alituuliza, kwa upole tu, "Kwani ninyi mlipokelewa na nani?" Tulitazamana. Barua zilikuwa na muhuri na sahihi, lakini hakuna aliyejua ni nani alitukubali.

Alhamisi nikapelekwa kwenye chumba cha watu watano chenye viti vitano. Kulikuwa na boksi la karatasi kando ya kabati, nikaonyeshwa. "Kaa hapo kwanza." Hapo kwanza paligeuka wiki nzima. Nilipewa mpango mkakati wa ofisi nisome. Nilitumwa kutoa kopi, kununua vocha, kuchukua chai ghorofa ya chini. Mkitaka kuniita mnasema "wewe wa fildi", na tukiwa wawili, "hawa wa fildi".

Naomba nieleweke hapa. Silalamiki kutumwa. Kwetu mtoto hutumwa, na mimi nimetumwa na mama, na shangazi, na majirani wote wa Igombe tangu najua kutembea. Lakini mtoto anayetumwa nyumbani anajulikana ni wa nyumba hiyo. Akichelewa kurudi, kuna mtu atauliza yuko wapi. Siku ya saba niliumwa tumbo nikabaki chumbani. Nilipofika kesho yake nikiwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, hakuna aliyekuwa amegundua kwamba sikuwepo. Nililia siku hiyo, chooni, na sioni aibu kuliandika.

Sasa logibuku. Nyote mnaifahamu. Kila siku ina mistari yake: kazi iliyofanyika, ulichojifunza. Siku nne niliandika "Nilisoma mpango mkakati wa taasisi". Siku ya tano kalamu ilikataa. Mwenzangu mmoja, kijana mzuri, mwenye akili kuliko mimi, akaniambia niandike tu kama wao: "Nilishiriki kuchambua takwimu za robo mwaka." Hakuwahi kuziona takwimu hizo. Aliandika hivyo wiki zote 8, ikasainiwa, ikapigwa muhuri, chuo kikampa alama. Sisemi haya kumchongea; hakuachiwa njia nyingine. Nasema kwa sababu darasani tumefundishwa kwamba takwimu ikiharibika pale inapokusanywa, hakuna hesabu ya kuiponya baadaye. Ninyi mnakusanya logibuku kwa maelfu kila mwaka. Mnaziamini. Kwenye ripoti mnaandika kwamba wanafunzi wamepata uzoefu wa kazi. Msingi wa ripoti hizo ni kijana aliyeketi juu ya boksi akitunga.

Siku ya kumi na moja nilitumwa masijala, chumba cha kutunzia majalada na barua za ofisi, kupeleka majalada mawili. Nyuma ya kaunta alikuwa mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mtu wa kukaribia kustaafu. Nilimwamkia. Akaitikia marahaba, akavua miwani, akanitazama.

"Binti, jina lako nani?"

Nilimwambia.

"Wa wapi?"

"Mwanza, mzee. Igombe."

"Igombe ya dagaa?" Akatabasamu. Kumbe aliwahi kufanya kazi Nansio, Ukerewe, ujanani, na alivuka ziwa mara nyingi. "Na hapo ofisini uko na nani?"

Nikakosa jibu. Akavuta kiti kutoka upande wake, akakipangusa kwa kiganja, akanipa.

Kuanzia siku hiyo, wakubwa zangu, nilifanya fildi kwa mzee ambaye hakupangiwa kunifundisha. Kila asubuhi, kama nusu saa kabla watu hawajajaa, alinionyesha jambo moja. La kwanza lilikuwa folio. Alichukua jalada lililochakaa, akalifungua mbele yangu, akaniwekea kidole kwenye kona ya juu kulia ya kila karatasi, penye namba ndogo ya kalamu. "Hii ndiyo roho ya jalada. Karatasi ikichomoka, namba inasema. Jalada lisilo na folio ni gunia." Akanipa lililovurugika, barua 60 na kitu zilizochanganyika miaka, akasema nilipange kwa tarehe nikiwa nimekaa, nisikimbie. Nilitumia siku mbili. Nilikuta namba 23 haipo. Nilidhani nimekosea, nikarudia kuhesabu. Haipo. Nikamwambia kwa hofu, naye akaniambia maneno ambayo bado ninayasikia: "Vizuri sana. Sasa andika kwamba haipo, na tarehe ya leo, na jina lako."

Jina langu. Kwenye jalada la Serikali.

Baadaye akanifundisha rejesta ya barua zinazoingia na daftari la mwendo wa majalada, jinsi ya kujua jalada limelala mezani kwa nani na kwa siku ngapi. Hapo ndipo takwimu nilizosomea zikaamka. Nilianza kuhesabu, kwa ruhusa yake, jalada linachukua siku ngapi kutoka masijala hadi kurudi, nikachora jedwali dogo kwa mkono. Alilitundika ukutani kwake. Wiki zangu za mwisho zilikuwa za kazi ya kweli, na logibuku yangu kuanzia ukurasa huo ina maneno ambayo naweza kuyasimamia mbele ya yeyote.

Lakini alikuwa bahati yangu tu. Wale watano wengine wa kwenye benchi hawakutumwa masijala siku ile.

Niliporudi Igombe nilianza kumtazama mama kwa macho mengine. Mwezi uliofuata alifika msichana kutoka Sengerema, anatafuta kibarua. Mama alimuuliza swali ambalo akina mama wa mwaloni huuliza kila mgeni: "Wewe mtoto wa nani?" Msichana akataja ukoo wake na kijiji chake. Mama akasema, "Haya, hapa wewe ni wangu. Ukipata shida njoo kwangu, ukikosea watakuja kwangu." Akamfunga kanga kiunoni, akampa ufagio laini.

Hakumwacha asome kitu. Walienda pamoja kwenye dagaa waliomwagwa alfajiri, na mama akachota kiganja kimoja akawatawanya juu ya wavu mpaka kila dagaa akaonekana peke yake. "Wakipandana, wa chini anaoza." Msichana akajaribu, wakapandana. Mama akamrudishia mkono wake kwa mkono wake, taratibu, kama anavyomfundisha mtoto kuandika. Saa tano wakawageuza. Mchana akamfundisha kumvunja dagaa katikati: akikatika kwa mlio amekauka, akipinda bado. Akamfundisha kutazama mawingu upande wa ziwa, kwa sababu mvua ikiwakuta dagaa nje wanaharibika rangi, na mzigo uliotegemewa kwenda kwa wanunuzi wa Mwaloni Kirumba unaishia kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Jioni ya siku hiyo ya kwanza msichana alikuwa anafukuza kunguru na yangeyange peke yake, na mama alikuwa amekwenda zake kuchota maji. Siku ya tatu alikabidhiwa daftari la kuhesabu mabeseni.

Mama aliishia darasa la saba. Hana mwongozo wala bajeti ya kupokea wageni, na kila beseni linaloharibika ni hasara inayotoka mfukoni kwake. Kama kuna mtu mwenye sababu ya kumwacha mgeni akae pembeni asimsumbue, ni yeye. Pamoja na hayo ndani ya saa moja mgeni wake ana mtu, ana kazi, na anajua akikosea aende kwa nani.

Ndiyo maana nawaandikia. Ninachoomba ni kimoja: mwanafunzi apewe mtu. Barua ya kukubaliwa inapotoka, iwe na jina la mtumishi atakayempokea, cheo chake na namba ya chumba chake, pamoja na jina la pili la atakayeshika nafasi yake akisafiri. Bila majina hayo mawili, chuo kisimruhusu mwanafunzi kupanda basi. Ofisi ikiona haiwezi kutoa jina, basi haina nafasi, na ni heri iseme hivyo mapema. Sisi tutaumia kidogo na kutafuta kwingine. Mzazi aliyekopa atajua kabla hajakopa.

Najua jibu la kwanza mtakalonipa: watumishi wamelemewa. Nimewaona, naamini. Afisa wa chumba kile alikuwa anaondoka ofisini jua limezama. Lakini mzee wa masijala alinitengea nusu saa kwa siku, na kufikia wiki ya nne nilikuwa nimempunguzia kazi, nikipokea barua kaunta yeye akiwa amekwenda kula. Mwanafunzi asiyefundishwa ndiye mzigo: anakaa njiani, anauliza kila mtu, anahitaji kufikiriwa kila asubuhi.

Kwa vyuo nina neno la peke yao, na nalisema kwa heshima ya mtoto kwa walezi wake. Mhadhiri wangu alikuja kunitembelea wiki ya saba. Alikaa dakika chache, akasaini, akaondoka kwa sababu alikuwa na wanafunzi wengine wengi mji ule. Angekuja wiki ya kwanza, au hata angepiga simu moja siku ya tatu na kuuliza, "Umekaa na nani?", asingehitaji kuja tena. Ziara ya mwisho inakuta mambo yameshaharibika au yameshatengemaa. Na logibuku isainiwe kila Ijumaa na mtu aliyemwona mwanafunzi akifanya kazi hiyo, badala ya kurundikwa mpaka siku ya mwisho.

Hilo la sahihi lina upande mwingine, na siwezi kulipita kwa sababu mimi ni msichana na nina wadogo zangu. Mwanafunzi asiye na msimamizi anayejulikana, wiki ya nane inapofika, huanza kutembea na logibuku mkononi akitafuta wa kumsainia. Anayekubali kusaini anajua kwamba msichana huyu hana wa kumlalamikia. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na mabango yake nimeyaona kwenye kuta za ofisi nyingi. Bango halimsaidii msichana ambaye hajui jina la mtu wa kumwendea. Mkimpa mtu siku ya kwanza, mtakuwa mmeufunga mlango huo kabla haujafunguliwa.

Mwaka 2017 nchi yetu ilitoa miongozo ya Taifa ya uanagenzi na ya utarajali. Ni kazi njema. Uanagenzi unamtazama anayejifunza ufundi, utarajali unamtazama aliyekwisha kuhitimu. Sisi wa fildi, ambao bado tuko darasani na tunakwenda kwa wiki chache tu, tumebaki tukitegemea utaratibu wa kila chuo na moyo wa kila ofisi. Naomba yule wa fildi aandikwe naye kwa maneno yasiyo na utata: nani anampokea, nani anamsainia, na anamweleza nani akipata tatizo.

Wakubwa wa hapa Mwanza, msione barua hii inakwenda Dodoma ikiwaruka. Kila Julai nawaona wanafunzi wakishuka Nyegezi na Nyamhongolo na mabegi yao, wametoka Dodoma, Dar es Salaam, Mbeya, wanakuja kwenye halmashauri zenu, viwanda vyenu vya samaki, hospitali na mabenki yenu. Mzazi wa mmoja wao naye amekopa. Na ninyi mna faida ambayo Dodoma hawana: kazi iko machoni. Kwenye mwalo wowote wa jiji hili kuna mtumbwi unaoshusha sangara na kuna afisa uvuvi anayepaswa kujua kama samaki yule amefika sentimita 50 zinazoruhusiwa kisheria. Mwanafunzi wa takwimu mwenye rula na daftari, akisimama pale kando ya afisa huyo asubuhi ya kwanza, hatahitaji mpango mkakati wa kusoma. Wenzangu wawili wa darasa langu, watoto wa Kirumba, walipelekwa mikoa ya mbali kukaa kwenye mabenchi, wakati nyumbani kwao samaki wanapimwa kila alfajiri. Waratibu, mnapopanga, angalieni na hilo.

Kuhusu fedha sitasema mengi. Viti havinunuliwi kwa barua ya wazi, na posho ni mjadala wa watu wakubwa kuliko mimi. Jina la mtu wa kunipokea lilikuwa haligharimu shilingi.

Mzee wa masijala alistaafu Desemba. Alinipigia simu kunieleza, akauliza kama mama hajambo, akaniambia jedwali langu ameliacha ukutani kwa yule aliyemrithi. Sijui jina la aliyemrithi.

Julai hii kuna binti wa jirani yetu, nyumba ya tatu kutoka hapa, anayesoma uhasibu. Barua yake ya kukubaliwa imefika wiki iliyopita kutoka ofisi moja ya Dodoma, ina muhuri na sahihi iliyokorogeka. Nimeisoma mara mbili nikitafuta jina la mtu atakayempokea. Halimo. Mama yake ameanza kuweka akiba ya nauli, na ameniuliza jana nimwandikie kwenye karatasi binti akifika aulizie nani. Nimemwambia anisubiri kidogo. Nasubiri jibu lenu.

Wenu mtiifu,

Mwanafunzi wa takwimu,
Igombe, Mwanza